Msimu Mama Alipohamia Stoo

2 Juni

Leo mama yangu amehamishwa nyumbani kwake. Hakuhamishwa na benki wala na serikali. Amehamishwa na mwanawe wa kiume, tena kwa upole, huku amemshika mkono. Ametolewa chumba chake cha mbele chenye dirisha linalotazama bonde, akapelekwa stoo nyuma ya jiko, mahali tulipokuwa tukiweka majembe na magunia matupu. Na mimi nimehamia humo humo. Mama yuko kitandani, mimi niko mkekani, na majembe yako kati yetu kwa sababu hayana pengine pa kwenda.

Mdogo wangu anaiita "nyumba ya mapumziko". Ameipiga picha pande zote, akaziweka kwenye mtandao ili watu wa mjini waikodi kiangazi hiki chote. Chini ya picha ameandika: kijiji tulivu, hewa safi, mbali na kelele. Nilimuuliza, "Na sisi je?" Akasema, "Dada, ni msimu mmoja tu. Mvua zikianza mama anarudi chumbani kwake. Nakuahidi." Nikamtazama mama. Mama akasema, "Sawa, baba."

Nimeanza kuandika haya kwa sababu nisipoandika nitamtukana mtu.

5 Juni

Jogoo amechinjwa. Wageni wanataka utulivu.

9 Juni

Nisiwe mnafiki, nyumba aliitengeneza. Aliezeka upya, akatia choo cha ndani na bomba la maji ya moto, akapaka rangi. Kila akikaa anavikumbusha, choo kwanza kisha bomba, mpaka mtu unajuta kwenda haja. Lakini kuta alizijenga baba, na matofali aliyabeba mama kwa kichwa kutoka mtoni, akiwa na mimba ya huyu huyu mtengeneza choo. Labda kwa kuwa alikuwa tumboni, anadhani na yeye alibeba.

14 Juni

Wageni wa kwanza wamefika, mume na mke. Kabla ya kusalimia watu wameuliza kama mbu wapo. Nimewapikia, nimewachemshia maji, nimewatandikia. Mdogo wangu alisema kazi hiyo ni yangu kwa kuwa "dada, si upo tu?" Kuwepo tu ndiko huko. Tangu nilipoachika nikarudi nyumbani, nalima, napika, nafua, nafuga, na kwenye hesabu za mdogo wangu bado nipo tu.

15 Juni

Mke amelalamika kwamba jirani anagonga nyundo asubuhi. Jirani ni fundi seremala, angegonga nini, kijiko? Akampigia mdogo wangu simu, mdogo wangu akanipigia mimi, nami nikaenda kwa fundi uso umeiva kwa aibu.

Fundi akasema, "Mwambie mdogo wako nyundo haina kitufe cha kupunguzia sauti."

Lakini aliiweka chini. Alisema ni kwa heshima ya mama. Nikarudi nimevimba zaidi ya nilivyokwenda, maana heshima ya mama ndiyo hiyo hiyo inayotumika kumnyamazisha kila mtu anayempenda mama.

Sasa ndiyo nimeelewa lile tangazo. Kijiji hiki hakijawahi kuwa kitulivu hata siku moja. Kina nyundo, ng'ombe, watoto, na mzee mmoja anayekohoa kwa fujo kuliko trekta. Utulivu wanaoukodisha ni sisi kufunga midomo.

16 Juni

Redio ya mama pia. Amepunguza sauti mpaka anaiweka sikioni, anasikiliza taarifa ya habari kama anayenong'onezwa siri.

23 Juni

Mashuka. Mashuka. Mashuka.

1 Julai

Stoo ina baridi. Ukuta mmoja haukupigwa lipu, na upepo unaingia kwa adabu zote usiku kucha. Mama ameanza kukohoa. Nimempigia mdogo wangu. Akasema, "Mpe asali." Nikamwambia, "Mpe chumba chake." Akasema yuko kwenye kikao.

7 Julai

Lazima niandike yote ya leo, hata mkono ukifa ganzi.

Mdogo wangu amekuja mwenyewe na gari, ameleta mgeni mkubwa. Ni mwanamke wa makamo, mnene wa haiba, miwani myeusi mpaka kwenye mashavu, nami nimembatiza Miwani. Ni bosi wa bosi wake, au kitu cha namna hiyo. Mdogo wangu alikuwa anazunguka huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Karibu huku, angalia bonde, sikia hewa. Hewa inasikiwaje mimi sijui.

Wakafika nyuma ya nyumba. Wakati huo huo mama akawa anatoka stoo, amejitanda ule mtandio wake wa kahawia, ameshika beseni. Ilibidi ainame kupita kwa sababu mlango ni mfupi. Miwani akasimama.

"Huyu bibi anaishi humo?" akauliza.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko, nina sufuria mkononi. Nilimwona mdogo wangu akikosa rangi. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilifurahi. Nikajua leo ndiyo leo, atasema "huyu ni mama yangu", na akishasema mbele ya huyu mwanamke, ataona haya, na akiona haya sote tutarudi ndani.

Akasema, "Aa, huyu ni mama anayetusaidia kazi hapa."

Anayetusaidia kazi.

Mama alisikia. Ana miaka mingi lakini masikio yake ni mazima kuliko yangu. Aliweka beseni chini, akafuta mikono kwenye khanga, akamfuata Miwani akamwambia, "Karibu, mama. Lete mzigo." Akachukua begi la mgeni akalipeleka ndani, akalipitisha sebuleni kwake, akaliweka juu ya kitanda chake. Na mwanawe akamwachia abebe. Hata kujifanya kulinyang'anya hakujifanya.

Nilimfuata mpaka garini.

"Umesema nini pale?"

"Dada, tafadhali. Atatusikia."

"Nakuuliza umesema nini."

"Ningesemaje? Niseme mama yangu mzazi analala stoo? Hujui yule mtu ni nani kwangu?"

"Kwa hiyo unajua kwamba ni aibu."

Akafungua mlango wa gari.

"Kama unajua ni aibu," nikamwambia, "basi hukukosea. Mtu anayekosea hajui. Wewe umefanya makusudi."

Akaanza kusema habari za msimu mmoja, za mvua, za mipango. Huyu nilimbeba mgongoni mimi. Nilimfuta kamasi kwa gauni langu la shule. Nilitaka kumnasa kofi, na kilichonizuia ni sufuria tu, maana nilikuwa bado nimeishika na sikutaka kumuua. Akaondoka. Vumbi la gari lake likaja mpaka kwenye nguo nilizokuwa nimezianika.

8 Julai

Nilimuuliza mama kwa nini hakusema neno. Akasema, "Aliulizwa ghafla, mwanangu. Alibabaika."

Anamtetea! Nimekaa nje mpaka hasira zikapoa kidogo, lakini sasa sijui ninamkasirikia nani. Mdogo wangu ananikata maini kwa alichofanya. Mama ananikata maini kwa zile sawa zake. Sawa, baba. Sawa, mwanangu. Ningekuwa na uwezo ningelifuta neno hilo duniani.

10 Julai

Miwani ana amri nyingi. Chai isiwe na majani mengi, kahawa isiwe nyepesi, mlango usigongwe. Leo asubuhi alikuja jikoni, akamwona mama anapepeta mchele, akampita bila hata shikamoo. Kwani nani humwamkia mfanyakazi? Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya wema wema, "Huyu bibi mlimpata wapi? Ni mchapakazi sana."

Nikamwambia, "Mimi nilimkuta hapa nilipozaliwa."

Hakuelewa mara moja. Nikaendelea kuosha vyombo. Nilisikia ameacha kukoroga chai.

"Ni mama yako?"

"Ni mama yangu. Ni mama wa aliyekuleta. Nyumba unayolala ni yake, na kitanda ni chake, na huo upande wenye bonde ndio anaoupenda."

Akavua miwani. Macho yake ni madogo, ya mtu aliyechoka, wala si ya kiburi kama nilivyodhani. Akaenda moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti pale kwenye pumba za mchele na suruali yake ya bei, akasema shikamoo. Kisha akasema atafungasha leo hii hii ili mama arudi ndani.

Mama akakataa katakata. "Umelipia, mwanangu. Kaa. Kalale."

Sikuamini masikio yangu. Mlango umefunguka wenyewe na mama ameufunga kwa mkono wake.

12 Julai

Sasa wamekuwa mashoga. Wanakaa pamoja barazani, Miwani anamenya maharage vibaya, mama anamcheka. Leo nilipita na ndoo nikasikia mama anauliza, "Na nyumba hii uliionaje mpaka ukaja?"

Miwani akamwonyesha kwenye simu. Hii hapa picha, hapa unaandika jina, hapa unachagua siku, hapa unalipa.

"Na mwenye nyumba anamjua anayekuja?"

"Jina tu, mama. Ukishalipa basi, nyumba ni yako mpaka siku zako ziishe. Hata yeye haingii bila ruhusa yako."

"Hata yeye?"

"Hata yeye."

Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afe. Nikaenda zangu mtoni nikiwa nimenuna. Mtu ananyang'anywa nyumba, halafu anafurahia kuelezwa jinsi inavyonyang'anywa.

15 Julai

Miwani ameondoka. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia msimu mzima na amenivurugia.

22 Julai

Wageni wengine, vijana, wamevunja kiti cha baba. Wameomba radhi kwa mdogo wangu, kwa simu.

29 Julai

Mama kila siku yuko dukani. Namtuma chumvi, anarudi bila chumvi. Namuuliza alikuwa anafanya nini huko, anasema alikuwa anapiga soga na mwenye duka. Kikohozi kile, jua lile, soga gani hizo? Nikamfokea. Sijawahi kumfokea mama. Akasema, "Sawa."

6 Agosti

Mashuka tena. Kuna mgeni amefutia viatu kwenye taulo.

19 Agosti

Mvua. Imekuja mapema, na imekuja yote. Paa la stoo ni la bati kuukuu, na mdogo wangu alipoezeka nyumba hakulifikia. Tumesogeza kitanda cha mama mara hii kona, mara ile, mpaka kona zikaisha. Godoro limelowa upande wa miguu. Mama amelala amejikunja kama mtoto.

Lakini mimi nilikuwa nacheka. Mvua! Si ndiyo ahadi? Kulipokucha nikampigia.

"Mvua zimeanza," nikamwambia. "Leo narudisha vitu vya mama ndani."

"Dada, ngoja kwanza, nilitaka kukupigia. Kuna neema imetuangukia. Kuna mgeni amechukua nyumba msimu wote wa mvua! Wote! Nani hukodi nyumba ya shamba wakati wa mvua? Ameandika tu kwamba ni mjane, mtu mzima, anataka kupumzika. Jina lenyewe la kizamani, siku hizi hakuna anayeitwa hivyo. Atafika tarehe ishirini na saba."

"Na mama?"

"Nitaleta turubai mlifunike paa. Ni miezi michache tu, dada."

"Uliahidi."

"Najua niliahidi. Lakini ameshalipa. Nifanyeje?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu daftari hili naliweka karibu na kitabu cha dini. Nikakata simu. Nikaenda kumwambia mama. Nililia huku nasema, na yeye alikuwa anaanika godoro juu ya ua, mvua ilikuwa imekatika kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Sawa. Basi tandika vizuri. Yale mashuka meupe."

Niliondoka nikaenda shambani nikang'oa magugu mpaka giza likaingia. Nadhani niling'oa na mihogo.

20 Agosti

Sisemi na mama.

22 Agosti

Bado. Anakohoa, namchemshia dawa, naweka kikombe mbele yake, naondoka. Hajaniuliza nina nini.

25 Agosti

Turubai limefika, limeletwa na mtu wa pikipiki. Ni fupi. Linafunika majembe.

27 Agosti

Mdogo wangu amefika asubuhi, amevaa shati jipya. Alitaka kumpokea mgeni yeye mwenyewe. Mgeni wa msimu mzima si mtu wa kupokelewa na dada aliyeachika. Amekagua chumba, ameninyooshea mto ambao nilikuwa nimeshaunyoosha, ameweka maua kwenye gilasi. Kisha tukasimama getini, yeye mbele, mimi nyuma, wingu limetanda.

Saa nne, hakuna gari. Saa tano, hakuna gari. Akaanza kuchungulia simu.

"Labda amekwama kwenye matope," akasema.

"Na asifike," nikasema.

Ndipo tukasikia mtu anakohoa nyuma yetu. Mama alikuwa anazunguka nyumba kutoka uani. Amevaa gauni lake la bluu, lile alilovaa kwenye harusi ya huyu huyu mdogo wangu, na kichwani amefunga kitambaa cheupe. Mkononi ana furushi la nguo lililofungwa kwa khanga. Hakutupita kwenda jikoni. Alitoka mpaka nje ya geti, akageuka, akasimama barabarani kutukabili, kama mtu aliyeteremshwa sasa hivi.

"Hodi," akasema.

Mdogo wangu akacheka. "Mama, sogea kidogo, mgeni yuko njiani."

"Amefika."

"Nani?"

Mama akataja jina. Mimi nililisikia mara moja tu maishani, siku ya msiba wa bibi, wazee walipokuwa wanamwita mtoto wao. Hapa kijijini mama ni mama wa fulani, na fulani mwenyewe ni yule aliyesimama mbele yake na shati jipya. Nilimwona akilitafuta lile jina kwenye simu. Akalisoma. Akamtazama mama. Akalisoma tena.

"Hilo la kizamani," mama akasema. "Alinipa baba yangu. Hukuwahi kuniuliza."

"Mama... umelipa na nini?"

"Na zile hela za sukari unazonitumia, nimeziweka miaka mingi. Chai yangu sasa sinywi na sukari. Mwenye duka alinisaidia na hiyo simu, maana mimi vidole vyangu vinakosea."

Nilikaa chini. Nilikaa palepale kwenye udongo. Chumvi yote ile ambayo haikuja nyumbani! Nilikuwa nimemnunia mwanamke huyu wiki nzima.

Mdogo wangu alikuwa bado hajaelewa, au alielewa akawa anatafuta mahali pa kutokea. "Mama, jamani, hapa ni kwako. Ungeniambia tu. Kwani ungeniambia ningekataa?"

"Dada yako alikuambia mvua iliponyesha. Alikuambia pia nilipoanza kukohoa. Ulisema asali." Hakupandisha sauti. Nimemsikia mama akimfukuza mbuzi kwa ukali kuliko huo. "Nikaona wewe mama yako humsikii. Mgeni unamsikia. Basi nimekuja mgeni."

Akanyoosha furushi.

"Shika mzigo wangu. Wa yule mgeni wako niliubeba mimi."

Akaushika. Alitembea mbele na ule mzigo wa khanga, mama nyuma yake polepole, wakapanda ngazi za baraza. Nilisikia ameuweka kitandani. Nilisikia mama anasema, "Asante, kijana," kwa sauti ile ile ya Miwani siku ya kwanza. Kisha mdogo wangu akatoka nje kinyumenyume, na mlango ukafungwa, na ufunguo ukageuka.

Mvua ikaanza. Alisimama barazani akagonga. "Mama. Mama, nifungulie tuzungumze."

Akagonga tena.

"Mama, nisamehe basi."

Mama akajibu kutoka ndani, "Sijakataa. Lakini sasa nataka kulala, na nimelipia."

Ilinyesha vibaya mchana kutwa. Barabara ya kurudi mjini ikafungwa na matope. Kila akija hulala chumba cha pili, na chumba cha pili kimo ndani ya nyumba ambayo ameshaipangisha. Aliniuliza, "Dada, mimi nitalala wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidevu.

Hajawahi kuingia mle tangu tuhamie, hata kuchungulia. Aliinama mlangoni akagonga paji la uso, akapotelea ndani. Nilimpa muda. Alipotoka alikuwa ameshika ncha ya godoro la mama, na maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko cha lile shati.

"Alikuwa analala kwenye hili?"

"Uliambiwa."

"Dada, alikuwa analala kwenye hili?"

Angeweza kuniuliza mpaka asubuhi na jibu lingekuwa lile lile, kwa hiyo nikaingia jikoni.

28 Agosti

Mvua. Mama amelala mpaka jua likapanda, mimi nimelala chumba cha pili, kwa ruhusa ya mgeni. Mdogo wangu ameamka na kikohozi. Nilimsikia tangu alfajiri, kwa sababu stoo haizuii sauti. Bado nina hasira naye, wala sioni haya kuandika hivyo. Alikuja barazani amejifunika gunia, akanyanyua mkono agonge mlango wa mama, nikaweka kidole mdomoni kwangu kumnyamazisha. Akateremsha mkono, akakaa kwenye ngazi kusubiri aamke.